Nyumba, chuo au kliniki? Njia tatu za kuwa mnasihi wa waraibu ukiwa umeshavuka arobaini

Kila baada ya wiki mbili tatu kuna mtu ananitafuta na swali lile lile. Mwalimu wa sekondari aliyechoka na chaki. Dada wa benki aliyepunguzwa kazini. Baba mmoja aliyemzika mwanawe na sasa anataka kuwawahi watoto wa wenzake. Wote wana miaka arobaini na kitu, wengine hamsini, na wote huuliza: nianzie wapi ili niwe mnasihi wa waraibu?

Mimi nilianza nikiwa na miaka 43. Kabla ya hapo nilikuwa karani kwenye kampuni ya kugomboa mizigo bandarini Tanga, na nilichokijua kuhusu unga, yaani heroini, ni kile alichonifundisha mdogo wangu kwa kuuza redio yetu, halafu mabati yetu. Nimepita nyumba ya upataji nafuu, nimepita darasa, na kliniki ya methadoni nimeijua kwa kupeleka watu huko alfajiri. Kwa hiyo msomaji ajue mapema: nimeanzia kwenye nyumba na moyo wangu bado uko huko. Nitajitahidi kuzitendea haki hizo mbili nyingine.

Vigezo kwanza

Wengi huanza kwa kuuliza ada. Mimi huanza na saa. Kuna saa ya arosto: usiku wa pili au wa tatu tangu kete ya mwisho, mifupa inauma, pua inachuruzika, miayo haiishi. Kuna saa ya dozi, asubuhi kwenye foleni. Na kuna saa ya alasiri, amevaa shati lililopigwa pasi, amekaa na mkewe mbele ya mtu mwenye daftari. Ni mtu yule yule, lakini kila njia itakukutanisha naye kwa saa yake, na si kila mmoja wetu anaiweza kila saa. Hicho ndicho kigezo changu cha kwanza.

Vingine ni muda na ada. Umri, maana ipo milango inayofungwa kwa tarehe ya kuzaliwa. Kipato, na kinatoka mfukoni mwa nani. Karatasi, yaani cheti chako kinatambulika wapi. Na mzigo unaorudi nao nyumbani jioni. Nitavipitisha katika kila njia, ingawa si kwa urefu mmoja, kwa kuwa havilingani uzito.

Lipo moja ambalo halina kuchagua. Popote utakapoangukia, zijue hatari za mwili kabla hujafungua mdomo kunasihi. Arosto ya heroini inatesa, ila peke yake ni nadra kumuua mtu mwenye afya. Ya pombe inaua. Mnywaji wa miaka mingi akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege na kuweweseka, na mahali pake ni hospitali, si chumba cha kufungiwa kwa nje. Na aliyekaa miezi kadhaa akiwa safi, siku akirudia kwa kipimo chake cha zamani, mwili umeshakisahau kile kipimo. Pumzi inaweza kukatika hapo hapo. Nimeona ndugu wakisherehekea mtoto "ametoka salama" bila mtu yeyote kuwaambia kwamba wiki zile ndizo za kumchunga zaidi.

Njia ya kwanza: nyumba ya upataji nafuu

Kwa asiyezijua: ni nyumba ya kawaida mtaani, waraibu wanaishi humo kwa miezi kadhaa bila kutumia, wanapika, wanafua, wanakaa vikao asubuhi na usiku. Zanzibar zilianza mwaka 2009, kwa kushirikiana na wenzao wa Detroit, Marekani, na mpango wake mkuu ni Hatua 12, zile zilizotokana na kundi la walevi wa kusaidiana kuacha pombe, lililoanza Ohio, Marekani, mwaka 1935. Bara zikafuata. Malindi upande wa Kenya, mradi wa Omari ulikuwa umeshatangulia tangu 1995.

Saa yako hapa ni zote. Unaamka nao, unalala karibu nao. Mtu anakuja kukuambia saa tisa usiku kwamba anaondoka, na kazi yako ni kumchelewesha mpaka pakuche, kwa chai, kwa karata, kwa hadithi yoyote. Hakuna chuo kinachofundisha hilo. Kwa upande mwingine hakuna saa unayoona mtu akibadilika kwa ukaribu kama huo: yule aliyeletwa amebebwa kwenye bajaji, baada ya mwezi ndiye anayemwosha mgeni.

Muda na ada ni kidogo kuliko kwingine. Unaweza kuanza kwa kujitolea wiki ijayo. Mafunzo huja vipande vipande: semina za siku chache za UTC, mtaala wa kutibu uraibu ulioandaliwa na Mpango wa Colombo, shirika la ushirikiano wa nchi za Asia na Pasifiki, una ngazi ya msingi na ya juu, na ukishakusanya masaa unaweza kukalia mtihani wa ICAP, cheti cha kimataifa cha wanasihi wa uraibu. Umri si kizuizi kabisa. Tena mvi zinasaidia. Vijana watakuita "Mama" au "Mzee" kabla hujafanya lolote la kustahili.

Kizuizi ni kingine. Nyumba nyingi zinaendeshwa na watu waliowahi kutumia, na wewe ambaye hujawahi utaulizwa mbele ya wote: "Utatuambia nini wewe, mama, wakati hata sigara hujavuta?" Niliulizwa siku ya pili. Nilijibu kwamba sina la kuwaambia, nimekuja na mchele. Wakacheka, nikakaa. Lakini nawajua watu wazima wenye shahada walioshindwa kulimeza swali hilo na hawakurudi.

Kipato: usijidanganye. Posho yangu ya kwanza ilikuwa shilingi 150,000 kwa mwezi, na bandarini nilikuwa napata mara nne ya hapo. Fedha ya nyumba inatoka kwa familia za waraibu, ambazo huchoka kulipa, au kwa wafadhili, ambao wana siasa zao. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje kwa siku 90, asasi zilizokuwa zikilipa waelimishaji rika kwa fedha hiyo zilitikisika mara moja. Mtu mwenye miaka 25 anaweza kurudi kwa mama yake. Wewe mwenye watoto wawili sekondari utarudi kwa nani?

Karatasi nayo ni nyembamba. Barua ya msimamizi wa nyumba si cheti. Tanzania, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya (DCEA) imetoa mwongozo wa kuendesha nyumba hizi, na Kenya vituo hupitia ithibati ya NACADA, mamlaka yao ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Uzoefu wako utahesabika zaidi ukiwa umeupatia kwenye mahali panapofuata taratibu hizo. Kabla hujajitolea popote, omba kuonyeshwa kibali. Ukiona minyororo au fimbo, aga uondoke.

Kuhusu mzigo nitasimulia kimoja tu. Mwezi wangu wa kwanza nilimpa kijana nauli ya kwenda kumwona mama yake Pangani. Alikuwa na siku 31 bila kutumia, ananiita Mama, na machozi yalikuwa ya kweli. Hilo sina shaka nalo hadi leo. Pangani hakufika. Tulimpata siku ya nne nyuma ya stendi, yu hai, alhamdulillahi. Msimamizi hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba nauli ile niliinunulia usingizi wangu mwenyewe. Anayekuja kwenye nyumba kwa sababu ya ndugu yake mraibu, kama nilivyokuja mimi, aitafakari hiyo kabla ya kufunga mizigo.

Inamfaa nani? Aliyewahi kutumia na amesimama imara. Mtu ambaye watoto wake wameshakua. Mwenye pensheni au duka linalojiendesha pembeni. Haimfai anayetegemewa na watu sita kwa mshahara.

Njia ya pili: chuo, kisha ofisi

Hapa unarudi darasani kusomea ushauri nasaha au saikolojia, kwa cheti, stashahada au shahada, halafu unakaa kwenye kiti: katika kituo binafsi, shuleni, kwenye kampuni yenye mpango wa ustawi wa wafanyakazi, au ofisini kwako mwenyewe.

Saa yako ni ile ya alasiri. Mraibu anakuja ameoga, mara nyingi ameletwa na mke, mama au mwajiri, na una dakika hamsini. Wengi wa ofisini si wa unga. Ni wa pombe, kamari ya simu, miraa, vidonge vya usingizi, watu wenye kazi na heshima zao ambao hawataonekana kamwe kwenye nyumba. Usiwadharau. Nilipokuwa kule kwenye nyumba ya upataji nafuu niliamini "uraibu wa kweli" ni wa mateja peke yao, mpaka darasani nilipokutana na kisa cha mhasibu aliyekuwa akinywa konyagi kwenye chupa ya maji kwa miaka kumi na moja bila mtu ofisini kujua.

Muda ni miaka. Stashahada hula miaka miwili au mitatu, shahada mitatu au minne, na mafunzo kwa vitendo juu yake. Ada ni zako. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Tanzania usiutegemee, miongozo yake imekuwa ikiweka kikomo cha umri kwenye miaka 35. Kinachookoa watu wa rika letu ni masomo ya jioni na ya masafa. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilijengwa kwa ajili ya watu wenye kazi na familia, na kina kozi ya msingi kwa ambao matokeo yao ya zamani hayatoshi kuingia moja kwa moja. Umri wenyewe chuoni hauna neno, ila jiandae kuitwa "anti" na mwalimu wako.

Karatasi ndiyo nguvu ya njia hii, hasa Kenya. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliunda Bodi ya kuwasajili watu wa kazi hii, kwa hiyo anayetaka kufungua ofisi Mombasa au Nairobi aanze kwa kuiuliza Bodi, kabla ya kulipa hata shilingi ya fomu, kama kozi anayoitaka itamfikisha kwenye usajili. Hakikisha pia chuo chenyewe kimesajiliwa: kwa stashahada waulize wasimamizi wa vyuo hivyo, TVETA kwa Kenya, NACTVET kwa Tanzania. Nimeona watu wazima wakilia mbele ya cheti kizuri chenye muhuri wa dhahabu ambacho hakuna ofisi ilikitambua.

Kipato kinakuja taratibu na kinategemea mji. Mtaa ambao saa moja ya mazungumzo italipiwa kama daktari anavyolipwa si kila mtaa. Wenzangu waliosimama vizuri walianza na shule au kampuni, mteja binafsi akaja jioni na Jumamosi.

Mzigo ni mwepesi kuliko wa nyumba kwa sababu mlango unafungwa saa kumi na moja. Una uzito wake wa siri, lakini. Kwenye nyumba mtu akirudia kutumia unajua siku hiyo hiyo. Ofisini ataendelea kuja kwa miezi mitatu, shati limepigwa pasi, anakudanganya kwa adabu, na wewe unaandika "anaendelea vizuri". Waliobobea huomba ruhusa ya kumsikia mke. Pia hujifunza kutobishana: yale mahojiano ya kuamsha ari ya mtu mwenyewe, yaliyoanzia kwenye kazi ya mwanasaikolojia William Miller mwanzoni mwa miaka ya 1980, yamejengwa juu ya wazo ambalo bibi zetu wangelielewa haraka, kwamba ukimsukuma mtu atasukuma nyuma.

Inamfaa mwenye akiba au kazi ambayo hataiacha upesi, anayependa kusoma, na ambaye nyumbani kuna watu wanaohitaji akirudi awe amebaki na kitu cha kuwapa.

Njia ya tatu: kliniki ya methadoni

Muhimbili ilifungua ya kwanza Februari 2011. Mwananyamala na Temeke zikafuata, Zanzibar mwaka 2015. Kenya ilianza Mathari, Nairobi, Desemba 2014, na Malindi mwaka uliofuata. Mteja anakunywa dozi ya methadoni, dawa inayoshika nafasi ya heroini, mbele ya mhudumu, siku kwa siku, arosto inatulia, na akili inapata nafasi ya kufikiria kitu kingine kisichokuwa kete ya jioni.

Saa yako ni asubuhi. Foleni inaanza mapema. Wapo wanaokwenda vibaruani wakishakunywa. Unaonana na watu wengi, kwa muda mfupi mfupi, kwa miaka. Hapa mnasihi si peke yake: kuna daktari, muuguzi, mfamasia, afisa ustawi wa jamii, na mezani kuna VVU, kifua kikuu na homa ya ini pamoja na uraibu. Kama unapenda kumjua mtu mmoja kwa kina, utaona kiu. Kama unapenda kuona namba za watu walio hai zikiongezeka, hapa ndipo.

Muda na ada zinategemea unaingia na kada gani, na hili watu hawalioni mpaka wamechelewa. Serikali haiajiri "mtu mwenye wito". Inaajiri muuguzi, afisa ustawi wa jamii, mwanasaikolojia. Kama huna mojawapo, unarudi kwenye miaka ile ile ya chuo, kwa mfano Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama.

Na umri hapa unauma. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira Tanzania huandika umri usiozidi miaka 45, isipokuwa kwa walioko tayari kazini serikalini. Isome tena hiyo sentensi kama una miaka 42 na unafikiria stashahada ya miaka mitatu. Lakini isome pia kama ni mwalimu au muuguzi wa serikali mwenye 48, maana ile "isipokuwa" imekutaja wewe: unaweza kusoma, ukaomba kubadilishiwa kada, na miaka yako ya utumishi ukaendelea nayo.

Asiye na kada bado ana mlango wa pembeni. Kliniki hutegemea asasi za mtaani kuwatafuta waraibu, kuwaandaa kwa vikao na kuwafuatilia wakiacha kuja. Hiyo ni kazi ya uelimishaji rika, na masharti yake ya fedha ni kama ya nyumba.

Kipato kwa mwajiriwa ni mshahara wenye tarehe, bima na pensheni. Karatasi inatambulika nchi nzima. Mzigo ni wa namna ya pekee: utakuwa ukibishana kila siku na watu wa nje wanaosema umewabadilishia mateja ulevi mmoja kwa mwingine, na wengine wao watakuwa ni ndugu zako, au wenzako wa nyumba. Nami nilikuwa miongoni mwao. Nilinyamaza mdogo wangu alipofikisha mwaka wa pili kwenye methadoni akiwa fundi wa pikipiki, baada ya kutoka nyumba tatu na kurudia mara tatu.

Kwa hali yako

Una mshahara wa serikali, haijalishi ni mwalimu au muuguzi: usiache kazi. Omba ruhusa ya masomo, lenga kliniki, na wakati unasoma ukajitolee nyumba moja siku za Jumamosi ili ujue saa nyingine zikoje.

Una chini ya 42, huna ajira ya serikali, unaitaka: hesabu kurudi nyuma kutoka 45 kabla ya kuchagua urefu wa kozi. Ukishavuka hapo, elekeza nguvu kwenye vituo binafsi, asasi na ofisi.

Uko Kenya na unataka kufungua ofisi: Bodi kwanza, chuo baadaye. Simu ya bure ya NACADA, 1192, hupokelewa na washauri. Ipige ujifanye mteja wa maswali, usikie kazi inavyofanywa kwa sauti peke yake.

Ni mwanamke na unasita: wanawake wanaotumia hawaonekani kirahisi, wanaogopa kunyang'anywa watoto na kusemwa mtaani, na wengi hawatafungua mdomo mbele ya mwanamume. Popote utakapokwenda, iwe nyumba au kliniki, utahitajika kabla hujamaliza kujitambulisha.

Ni imamu, mchungaji au mzee wa mtaa: huenda huhitaji kubadili kazi. Semina za msingi za UTC na namba ya kliniki iliyo karibu vitawafaa watu wanaokufuata kuliko shahada utakayoimaliza ukiwa na miaka 58.

Umefiwa au una mraibu ndani ya nyumba yako hivi sasa: anza na darasa, si nyumba. Utahitaji umbali, na darasa linao. Mimi sikufanya hivyo, na nauli ya Pangani ndiyo ada niliyolipa.

Na kama wewe mwenyewe umepata nafuu karibuni na moyo unawaka kuwavuta wenzako: nyumba niliyofanyia kazi ilitaka miaka miwili safi kabla ya kumkabidhi mtu kikao. Katika miaka hiyo kuna kupika, kufagia, kusindikiza wenzako kliniki, na semina zinazojitokeza. Mwenzangu mmoja alianzia jikoni akiwa na miaka 46. Sasa ndiye anayekaa na wageni ule usiku wa tatu, na sufuria ya uji bado hajaiachia mtu.